Mrejesho: Cherehani ya akiba imepatikana

Assalamu alaikum. Mwezi uliopita niliwauliza ni cherehani gani iliyotumika ingenifaa kuwa ya akiba, kwa kuwa yangu ya umeme hunikwamisha kila stima zinapopotea. Nimenunua Singer nyeusi ya miguu hapa Majengo, baada ya kulizungusha gurudumu kwa mkono na kushona kanga yangu mwenyewe, iliyokunjwa mara nne, huku nikikagua upande wa chini kama uzi unalegea. Meno ya chini yanayosukuma kitambaa yalikuwa yamejaa vumbi lililogandishwa na mafuta ya kupikia (sijui nani alimshauri mwenyewe), lakini hayajalika. Inatumia sindano za 15x1 (aina ya kawaida ya cherehani za nyumbani), zilezile za cherehani yangu ya kwanza. Nimebadilisha mkanda wa ngozi tu, na juzi, stima zilipopotea, nilimaliza mabuibui mawili ya mteja kwa mwanga wa dirishani.