Naomba ushauri: divai nyekundu ya Bandol iendane na chakula gani?

MamaNuru: Wanajamvi, nawasalimu. Ninaishi Marseille, na Jumamosi ijayo nimewaalika majirani chakula cha jioni. Mmoja wao, mzee mzaliwa wa Toulon, ametangulia kunipa chupa mbili za divai nyekundu ya Bandol, eneo la pwani karibu na Toulon, ya mwaka 2019, akasisitiza kwamba divai hiyo hainywewi bila chakula cha maana. Nilikusudia kupika pilau ya mbuzi na kachumbari yenye pilipili, kwa kuwa ndicho chakula ninachokiamini mbele ya wageni. Je, vitapatana? Na chupa zenyewe niziandaeje, nisije nikaiharibu zawadi ya mzee wa watu?

Jikoni_Lyon: Dada MamaNuru, mzee amekuambia kweli. Kwa kanuni za Bandol, divai nyekundu ya huko lazima iwe na angalau nusu ya zabibu ziitwazo mourvèdre, na ikae kwenye mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miezi 18 kabla ya kuuzwa. Mourvèdre ina ganda nene na huchelewa kuiva, ndiyo maana hustawi kwenye matuta yale ya mawe yanayoelekea bahari, ambako jua ni kali. Ganda hilo ndilo linaloleta ukakasi unaokausha ulimi na fizi, kama ule wa chai ya rangi iliyokolea mno. Ukakasi huo hulainishwa na mafuta ya nyama na utomvu wa mifupa iliyopikwa polepole; kwa hiyo mbuzi wako anafaa sana, mradi awe na mafuta kidogo na apikwe hadi alainike kabisa. Mdalasini, karafuu na pilipili manga haviigombanishi divai hii, kwa sababu yenyewe ina harufu ya viungo na matunda meusi. Adui ni pilipili kali: ikikutana na kileo na ukakasi, mdomo huwaka na ladha yote ya divai hupotea. Siki na ndimu nyingi nazo si rafiki. Kachumbari weka pembeni, bila pilipili, kila mtu ajichukulie.

Shemeji_wa_Provence: Ninaheshimu maoni ya aliyetangulia, lakini mimi nisingepika pilau. Mgeni wa heshima ni mtu wa Toulon, na divai ni ya hapo jirani. Mpikie mkono wa kondoo uliochomwa taratibu kwenye oveni pamoja na vitunguu saumu, rozimeri na zeituni nyeusi, kisha uweke pembeni biringanya na nyanya zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni. Bandol nyekundu yenyewe ina harufu inayokaribiana na majani hayo ya vichakani, hivyo chakula na kinywaji vitaitikiana. Ukipenda mchuzi, kuna daube, yaani nyama ya ng'ombe inayolazwa ndani ya divai usiku kucha na kupikwa kwa saa kadhaa, lakini tumia divai ya bei nafuu kwa kupikia, si hiyo ya mzee. Samaki waachie Bandol ya rangi ya waridi, ambayo ndiyo inayotengenezwa kwa wingi zaidi huko siku hizi.

BabaTamim: Kuhusu kuziandaa: zisimamishe wima tangu Ijumaa ili mashapo yatulie chini. Zifungue muda wa saa mbili kabla ya kula na uimimine divai polepole kwenye jagi la kioo, ukiacha tone la mwisho lenye mashapo chupani, kwa sababu divai changa ya mourvèdre huwa imejifunga na huhitaji hewa. Joto la nyuzi 16 hadi 18 linatosha. Jikoni penye oveni inayowaka ni moto mno. Na ikiwa kati ya wageni yupo asiyetumia kileo, daube usiipike kabisa, au umpikie sufuria yake.

MamaNuru: Nawashukuru sana, ndugu zangu. Wawili kati ya wageni hawatumii kileo, hivyo daube nimeiondoa. Nitachoma mkono wa kondoo kwa saumu na rozimeri, na pilau nitaipika bila nyama, yenye viungo vya kawaida, iwe ya kusindikizia. Kachumbari itakuwa ya nyanya na vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi. Chupa moja tu nitaifungua. Ya pili, kama mzee ataridhia, nitaitunza mahali penye giza na baridi kwa miaka mingine mitano.

Jikoni_Lyon: Ilaze ubavu, dada, ili kizibo kisikauke.