Njia ya miguu na baiskeli Tengeru hadi Usa River, tuanzie wapi?

Makumira_Juu:
Habari wakuu. Pale barabara ya njia nne ya kutoka Arusha inapoishia Tengeru kuja huku Usa River, waenda kwa miguu na wa baiskeli tunabanana ukingoni mwa lami na malori ya Moshi. Siku za soko ndo balaa, wamama wana ndizi kichwani, vijana wamefunga mikungu kwenye keria, basi likija mtu anajitupa mtaroni na mzigo wake. Vijiji vya huku tumeanza kuongea tuwe na njia yetu ya pembeni, kijiji hadi kijiji mpaka shuleni na sokoni. Wenye uzoefu, tunaanzia wapi?

Mpimaji:
Mkuu anzeni na ardhi. Hiyo ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande ukipima toka katikati, kwa hiyo nafasi ipo ila hamuwezi kuingia na majembe tu. Kila kijiji kipitishe kwenye mkutano mkuu, mihtasari ipande kwa diwani hadi halmashauri, ndo muombe kibali. Zile za ndani za vumbi ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mimi ningeanza na hizo, mtoto wa shule halazimiki kufuata lami.

KimaraTemboni:
Huku Dar walivyojenga njia ya mabasi ya mwendokasi barabara ya Morogoro waliweka njia za miguu na baiskeli, kitu kizuri sana, lakini bodaboda wanapita humohumo na meza za biashara zinasogea. Nguzo za zege zinazuia gari na bajaji tu, bodaboda anapenya popote baiskeli inapopenya. Kaeni na vijiwe vyao mapema, na wauza matunda muwatengee sehemu yao kabla hamjamwaga kifusi.

Fundi_Mawe:
Hakuna aliyetaja maji! Huo ni mteremko wa Meru, mito na mifereji yote inakata barabara. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri, upana mita 2.5 hadi 3, yenye mwinamo kidogo maji yasituame, inatosha kabisa. Ila kama kwenye daraja mtu anarudi kwenye lami na malori, hapohapo ndo atagongwa. Hela ya kwanza iende kwenye vivuko. Mfereji weka kalavati la kupitisha maji chini ya njia, mto tafuteni injinia awachoree daraja la miguu.

Makumira_Juu:
Asanteni sana wakuu. Huku juu kuna vivuko vya magogo vya kwendea mashambani, nitapita na mwenyekiti tuvikague. Mfereji una kamati yake, ruhusa naomba kwao au kijijini?

Fundi_Mawe:
Kwao kwanza. Wahakikishie kalavati litakuwa pana, waweze kuzibua tope bila kubomoa kitu.