Ukungu kwenye dari ya masta: tatizo ni feni, dirisha au kiyoyozi?

Mjengoni
Wakuu, habari zenu. Nyumba ipo Kigamboni, mita za mraba 110, vyumba vitatu, paa la bati, dari ya jipsam mita 3 kutoka sakafuni. Masta (chumba kikuu cha kulala) ni mita 4 x 3.5, dirisha moja la aluminiamu la kuslaidi, 1.5 x 1.2, lina nyavu. Choo cha ndani hakina dirisha, kina feni ya kutolea hewa ya inchi 4. Usiku kiyoyozi kinawekwa nyuzi 18. Kona ya dari karibu na mlango wa choo imeota madoa meusi. Ukipaka rangi, wiki chache yamerudi. Fundi anataka kufunga feni ya inchi 6. Ndiyo dawa? Na je, kuna kipimo rasmi cha hewa ya nyumba au watu wanakisia tu?

Bomba4
Kabla hujanunua feni, panda darini uone bomba la hiyo uliyonayo linaishia wapi. Mara nyingi linaishia hapohapo juu ya jipsam, au halipo kabisa. Mvuke wa kuoga unasukumwa darini kisha unashuka kupitia matundu ya taa. Ukiweka ya inchi 6 utakuwa umeongeza kasi ya kulowesha dari.

Bomba litoke nje kabisa, kwenye ukuta au chini ya ukingo wa paa, kwa njia fupi. Tumia PVC laini, si lile la kukunjika kama kordiani, maana mikunjo inaua mwendo wa hewa, na kila kona ni hasara. Lilaze kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi kwenye mota. Mdomoni weka kifuniko chenye ulimi unaojifunga feni ikizimwa, na wavu wa kuzuia ndege.

Kupima: chukua mfuko wa taka wa lita 100, ujaze hewa, mdomo wake uufunike kwenye feni inayozunguka, hesabu sekunde mpaka usinyae. Sekunde 4 ni lita 25 kwa sekunde, na hicho ndicho kipimo cha Marekani (ASHRAE 62.2, kanuni ya chama cha wahandisi wa viyoyozi) kwa feni ya bafu inayowashwa wakati wa kuoga. Uingereza wanaridhika na lita 15.

Halafu mlango wa choo. Ukigusa sakafu, feni inavuta hewa isiyokuwepo. Acha nafasi ya milimita 10 chini, ipimwe baada ya vigae kuwekwa.

Kusi_na_Kaskazi
Naongezea la vipimo. ASHRAE wanahesabu hewa mpya ya nyumba nzima hivi: lita 0.15 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, jumlisha lita 3.5 mara idadi ya vyumba vya kulala ukiongeza kimoja. Kwako ni 16.5 + 14, sawa na lita 30.5 kwa sekunde. Waingereza kwa vyumba vitatu wanasema 31, ila isipungue 0.3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo 33. Wote wanaangukia karibu palepale.

Kwa madirisha, Afrika Kusini wanadai sehemu inayofunguka iwe asilimia 5 ya sakafu. Masta yako ni mita za mraba 14, kwa hiyo 0.7. La kuslaidi linafunguka nusu tu: 1.8 linabaki 0.9, toa fremu. Kwenye karatasi umefaulu. Kitandani hapana, kwa sababu nyavu zinakula sehemu kubwa ya upepo mdogo wa usiku, na hewa iliyoingia haina pa kutokea. Toboa juu ya mlango wa korido uweke luva, upana wote wa mlango, kimo cha sentimita 30 au zaidi. Tundu la kutokea likiwa dogo mno, dirisha kubwa halikusaidii sana.

Ila kwa anayejenga sasa: luva au madirisha ya bawaba yanafunguka karibu yote, kuslaidi ni nusu ya pesa uliyolipa. Yaelekeze kusini mashariki na kaskazini mashariki, upate kusi na kaskazi. Na fensi ya tofali ya mita 2 ikikaa mita moja na nusu tu mbele ya dirisha, hesabu zote hizi zifute.

Nyuzi24
Wote mmesema kweli lakini mkosaji mkuu ni ile 18 ya kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ileile. Msimu wa joto hapa Pwani, hewa ya nje inaanza kuacha maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 hivi. Jipsam iliyopozwa chini ya hapo inatoa jasho kama chupa ya soda, tena na upande wa juu usiouona, ambako hewa ya darini ina unyevu tele. Mvuke wa bafu unaanza kugusa kona ile. Weka 25 au 26, washa na pangaboi. Na usifungue dirisha kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, chagua kimoja.

Mjengoni
Nimepanda. Bomba ni la kukunjika, limekatwa katikati ya dari. Mfuko umechukua sekunde 11.

Bomba4
Hiyo ni lita 9. Feni yenyewe huenda ni nzima. Toa bomba, peleka PVC ukutani, pima tena. Usipofika 15 ndipo ununue ya inchi 6, na bomba nalo liwe la inchi 6. Iache izunguke dakika 20 baada ya kuoga. Ile kona ibonyeze kwa kidole: ikizama, kata kipande mpaka kwenye jipsam ngumu, uweke kipya. Usipake rangi juu yake tena.