Kaunsela asiye na leseni azuiwe au aachwe afanye kazi? Tusemezane

Binti Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum jamani. Juzi pale Mkunguni tulibishana mpaka ikaadhiniwa isha na hatukupatana. Suala ni hili, sheria ya Kenya ya makaunsela (washauri nasaha) na wanasaikolojia ya 2014 inataka mtu asajiliwe na bodi na awe na leseni ndio aifanye hii kazi. Wawili wakasema asiye nayo afungiwe basi, mwengine akauliza, tukifunga hivyo Lamu tutabaki na nani?

Mimi niko upande wa leseni nawaambieni wazi. Lakini naona twagombania karatasi na kitu chenyewe tumekisahau, nacho ni zile saa za kukaa na watu huku mkubwa wako kwenye kazi akikuangalia na kukusahihisha. Nilianza na cheti cha miezi mitatu, nikapelekwa nyumba moja wanapokaa vijana walioacha unga wa kulevya, wiki ya pili kijana akaniambia usiku hapati usingizi na aona heri asiamke, nami nikamjibu vile vile ilivyo kwenye noti zangu kuwa avute subira mambo yatakuwa mazuri. Akanyamaza. Mwezi mzima hakuja kuongea nami tena na pale hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza nimekosea wapi. Alhamdulillahi yuko hai, siku hizi avua, lakini ile kimya yake ndio ilonirudisha darasani kusoma diploma.

Marekani kozi zao zilizoidhinishwa ni masta ya krediti 60, ndani yake kuna praktikamu, yaani mazoezi ya mwanzo, ya saa 100 halafu saa 600 za mafunzo kazini, na katika hizo 600 lazima 240 ziwe uso kwa uso na wateja. Akihitimu bado, majimbo mengi yamtaka afanye kazi chini ya msimamizi saa 2,000 au 3,000 hivi ndio apate leseni kamili. Mtihani wao mkubwa ni maswali 200 ya kuchagua jibu, ni wa siku moja tu. Tazameni wenyewe uzito wameuweka wapi.

Kijana wa Maweni (Malindi)
Dadangu hapo kwa karatasi sikubaliani. Mimi niko Malindi na 2023 tuliona ya Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula mpaka wakafa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, familia zimekaa pale hospitali miezi zikingoja majibu ya DNA. Mtu aliyefiwa na watoto watatu kwa mpigo utampa kaunsela wa semina ya wikendi? Atamchokonoa kidonda halafu aende zake. Bila leseni hata ukikosewa hujui pa kushtaki. Mimi nasema zuia kwanza, hayo mengine yatafuata.

Bi Mkubwa wa Faza
Wanangu, na sisi wa zamani? Mwari hukalishwa na somo wake, yule kungwi, mume na mke wakigombana huenda kwa sheikh, nani alikuwa na leseni? Na hao wenye masta wakija huku hawatusikii tusemavyo. Mimi nilimwambia mmoja moyo wanienda mbio na roho hainikai, akaniandikia niende nikapimwe presha.

Binti Langoni (Lamu)
Bi Mkubwa shikamoo. Sheikh na somo hawajiiti makaunsela na hawatozi pesa za kikao, hao hakuna anayetaka kuwagusa. Lakini hilo la lugha umenigusa pabaya kweli, maana chuoni mazoezi yote tulifanya kwa Kiingereza, mmoja kaunsela mmoja mteja wa tatu aangalia, halafu siku ya kwanza mbele ya mama wa Pate nikajikuta natafuta maneno. Roho hainikai hakuna aliyenifundisha kuwa huenda ni hofu yasema. Saa za mafunzo zikifanywa hapa hapa, kwa Kiswahili, hilo litajirekebisha.

Kakangu wa Malindi, kwa Shakahola sina neno la kukupinga, na pa kushtaki lazima pawepo. Ila ukisema zuia kwanza, nikuulize, mimi wa Lamu hizo saa nitazipata kwa nani? Msimamizi wangu yuko Mombasa. Navuka kwa boti mpaka Mokowe, basi kutwa nzima hadi Mombasa, nilale kwa watu, nikae naye saa moja na nusu, nirudi. Mwezi nikikosa nauli wateja wangu wabaki bila mtu wa kunikosoa, na hilo ndilo lanitisha kuliko mtihani. Maoni yangu bodi na kaunti waweke wasimamizi wawili watatu huku kwetu, vikao vengine viwe kwa video, na mwenye cheti aandikishwe kama mwanafunzi aliye chini ya mtu, asikae na mteja peke yake mpaka saa zake zitimie.

Kama kuna mwenye leseni Lamu au Witu aliye tayari kusimamia hata watu wawili, aniandikie. Alhamisi niko Mokowe tangu asubuhi.