Tiger I ya rimoti 1/16: minyororo ya chuma, vipande vya shaba au nimalizane na rangi tu?

Kijana wa Ilala
Wakuu salaam. Nina kifaru cha rimoti, Tiger I (kile cha Mjerumani cha Vita Kuu ya Pili) skeli ya 1/16, yaani kidogo mara 16 kuliko cha kweli, kaniletea jamaa yangu anayefuata mzigo Guangzhou. Kinatembea freshi, tareti (kile kichwa chenye mzinga) inazunguka, kinatoa moshi na mlio, kinapiga vile vigololi vya milimita 6. Shida kikisimama mezani ni toi tu, plastiki inang'aa kama ndoo ya kuogea. Nataka kifanane na 131, ile Tiger ambayo Waingereza waliiteka Tunisia Aprili 1943. Hela ninayo ya kitu kimoja tu kwa sasa, so nachagua kati ya minyororo ya chuma (ile ya kutembelea) na magurudumu yake, au seti ya vipande vya shaba nyembamba (neti za injini, mabano ya zana, madigadi), au niachane na hayo yote ninunue eabrashi (ile ya kupulizia rangi kwa hewa) na rangi. Kuna mtu kaniambia pia niagize vipande vya kuprinti kwa 3D. Nyie mlioanza zamani mngeanza na ipi? Na msiniambie vyote, wife keshaanza kuhesabu maboksi.

Modela254
Buda, minyororo. Angalia picha yoyote ya Tiger, haina zile rola ndogo za juu, mnyororo wa juu unalala tu kwa magurudumu yenyewe, umelegea hivi kama mtu amechoka. Sasa hii yako ya plastiki ni nyepesi, inakaa imenyooka tii kama kamba ya kuanikia nguo, na hiyo ndiyo kitu ya kwanza jicho linaona hata kabla ya rangi. Ya chuma inalala yenyewe, haihitaji ujanja. Na sauti yake kwa tiles aisee, majirani wanatoka nje kuangalia.

Dada Fundi
Modela umesema kweli ila hujamalizia stori. Mimi niliweka minyororo ya chuma kwenye kifaru chenye giaboksi ya plastiki, siku ya tatu nikiwa nakigeuza palepale kwenye zege nikasikia krrrr, meno yameliwa upande mmoja, kikawa kinazunguka duara kama kuku aliyekatwa kichwa. Ikabidi ninunue na giaboksi za chuma. Kwa hiyo kaka Ilala, fungua chini uangalie gia zako kwanza, kama ni plastiki basi hesabu hiyo ni ya vitu viwili sio kimoja.

Afu mnyororo wa plastiki unalegezeka bana. Kwenye Tiger gurudumu linalovuta liko mbele, la nyuma ni la kukazia. Sogeza lile la nyuma kidogo mbele, au kama walikupa vipande vya akiba ongeza kimoja. Usilegeze sana, ukikata kona kwa kasi unavuka meno na kuchomoka. Na mimi niliweka chubwi za nyavu tumboni, chache tu, pande zote sawa, nikazibandika na gundi ya moto. Kabla ya hapo kilikuwa kikivuka tuta kinaruka kama panzi. Kitu cha tani 57 hakiruki.

Modela254
😂😂 kuku. Sawa dada, gia nimekubali. Lakini hata ukilegeza, plastiki bado inaonekana plastiki.

Mzee Msasa
Vijana mnakimbilia kununua. Huyu kasema mwenyewe kinang'aa kama ndoo, sasa ukikiwekea chuma na shaba halafu kinang'aa si umepata ndoo ya bei mbaya?

Ilala nisikilize. Osha kifaru chote na sabuni ya vyombo, kile kimafuta cha kiwandani kitoke, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Kama wamekifunga kwa skrubu juu ya mwili, matundu yote ambayo hutayafungua tena ziba na puti, piga msasa namba 400 na maji mpaka usisikie kitu kwa kucha. Praima ya kijivu. Halafu rangi yako, lakini changanya na nyeupe kidogo, maana rangi ileile inayokaa sawa kwenye kitu cha mita nane ukiipaka kwenye kitu cha nusu mita inaonekana nzito. Sasa chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, hudhurungi iliyokolea, zimua na tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, ipitishe kwenye maungio na kuzunguka vichwa vya bolti, subiri ikauke nusu ndio ufute ya ziada kwa brashi yenye tapentaini. Ukishafika hapo utaona kifaru kimeanza kuwa na uzito, wala hujabandika kitu. Kwenye kona ambazo askari anakanyaga akipanda, saga risasi ya penseli, paka na kidole. Kidole, sio brashi. Inatoa ule mng'ao wa chuma kilichochubuka, ukitumia rangi ya silva inakuwa geti la mtaa.

Hizo shaba kwenye kifaru cha kuendesha mimi sizipendi. Modeli ya kuweka kabatini inaguswa mara moja kwa mwaka kupangusa vumbi, hiki chako utakipindua kila ukibadili betri, utakishika madigadi kila siku. Nilibandika mabano ya zana 14, mpaka Idi yamebaki matano. Kitu pekee cha shaba kinacholipa ni neti za juu ya injini, na hizo usinunue, nenda dukani kachukue chujio la chai la waya, lile laini kabisa, kata na mkasi.

Tingatinga_Tanga
Mzee Msasa kamaliza. Mi naongezea tu, paka Zimmerit kote, yaani ile michirizi ya saruji iliyokuwa juu ya Tiger. Unatumia fila ya magari, unatandaza nyembamba unachora mistari na bisibisi pana. Inaficha makosa yote ya plastiki afu inaonekana kazi. Na kama hutaki michirizi basi gongagonga fila na brashi ngumu mwili mzima, ule ukwaruukwaru wa chuma cha kalibu.

Mswahili wa Dorset
Hapana hapana, kaka Tanga, usimpoteze mwenzio. Zimmerit ilianza kupakwa Agosti 1943 na wakaacha Septemba 1944, kazi yake ni kuzuia mabomu ya sumaku yasigande. Vita vya Tunisia viliisha Mei 1943. Kwa hiyo 131 haikuwahi kuwa na hiyo kitu. Na huo ukwaruukwaru pia, mwili wa Tiger ni mabamba bapa yaliyochomelewa, ni laini, ile ngao ya mbele ya tareti inayoshika mzinga ndiyo ya kumimina kwenye kalibu. Ukikwaruza hapo tu, anayejua ataona unajua.

Mimi nakaa karibu na Bovington, yale makumbusho ya vifaru huku Uingereza, nimeenda kuiangalia zaidi ya mara nne, 131 bado wanaiwasha siku maalum. Vitu nilivyoviona kwa macho ambavyo kwenye picha huvioni vizuri: michomeleo ya pembeni ni minene na haijanyooka, mtu aliichoma kwa mkono na unaona pale alipopumzika. Kwenye skeli yako viringisha epoksi ile ya mafundi bomba iwe uzi mwembamba, ilaze kwenye kiungo, ikiwa bado mbichi ibonyezebonyeze na ncha ya kisu kila milimita moja hivi. Kazi ya jioni mbili, gharama karibu na bure. La pili ni minyororo. Haina rangi ya silva. Ni hudhurungi ya kutu kavu, inang'aa pale tu inapokanyaga ardhi na pale magurudumu yanapopita ndani. Kwa hiyo hata ya plastiki ukiipaka hivyo, Modela254, mtu akisimama mita moja hajui.

Pia angalia kibanda cha kamanda juu ya tareti. Kama ni kama pipa lililonyooka na matundu membamba ya kuchungulia, ni ya mwanzo, inafaa kwa 131. Kama kimelala kidogo na kina vioo saba vya periskopu kuzunguka, hiyo ni ya kuanzia Julai 1943, huwezi kuiita 131. Magurudumu nayo yawe na mpira, yale ya chuma kitupu yalikuja Februari 1944. Na nyuma kuwe na yale mapipa ya kuchuja vumbi na mabomba yake.

Tingatinga_Tanga
Daah nimepigwa kibano 😅 haya basi, Zimmerit nitaacha kwenye yangu, mi sina tarehe, yangu ni Tiger ya Tanga.

BukobaBoy
Samahani natoka nje ya mada, hivi hakuna anayetengeneza Type 59 ya rimoti? Vita vya 1978 na 79 jeshi letu lilikuwa na vifaru vya Kichina, ningependa hicho kuliko Mjerumani.

Mzee Msasa
Kwa 1/16 mimi sijakutana nayo dukani. Ila Type 59 ni mtoto wa T-54A ya Mrusi, mzinga milimita 100, magurudumu makubwa matano kila upande na pengo kubwa baada ya la kwanza. Ukipata chasisi ya T-54 au 55 una pa kuanzia. Fungua uzi wako kijana, nitakuja, huo ndio kifaru ningekijenga mwenyewe.

Modela254
Turudi kwa Ilala. 3D hakuna mtu amesema. Nilichukua vipande vya rezini, koleo, shoka, jeki, hooks. Kwa detail ni noma, unaona hadi mishipa ya mbao kwa mpini. Lakini shoka ilianguka kutoka kwa meza tu, ikavunjika tatu, rezini ni kama biskuti. Ya plastiki ya kawaida inapinda inarudi. So nikabakisha ya rezini pale juu ya mwili ambapo mkono haufiki, zingine nikarudisha za kiwanda nikazipaka poa. Na ile kebo ya kuvutia, usitumie ile kamba ya kwa boksi. Kebo ya breki ya baiskeli, ya ndani, milimita 1.5. Ichome na moto kidogo ipoteze mng'ao, inalala vizuri pia ikishachomwa. Antena nayo ni waya mwembamba wa gitaa, ukigonga mlango inapinda tu, haivunjiki.

Dada Fundi
Kuhusu vumbi, maana naona hamjafika huko. Kaka usichukue mchanga wa uwanjani ukanyunyizia. Punje moja ya mchanga kwenye 1/16 ni kokoto. Kausha udongo juani, twanga, halafu chuja kwa soksi ya nailoni ya kike, ule unaopita kama poda ndio unaotaka. Changanya na vanishi isiyong'aa na maji kidogo, papasa kwenye magurudumu na madigadi ya chini. Funika ekseli na matundu ya giaboksi na maskintepu kabla, mimi poda iliingia nikapata msasa wa ndani bila kutaka.

Mswahili wa Dorset
Na tafadhali usitumie udongo mwekundu. Najua ndio ulio mlangoni. Pale walipoiteka 131, kaskazini mwa Tunisia, mwezi wa nne kuna nyasi, na udongo ni wa kijivujivu unaoelekea njano. Rangi ya kifaru chenyewe mjadala wake hauishi: amri ya njano iliyokolea, RAL 7028 (RAL ni namba za rangi za Kijerumani), ilitoka Februari 1943, kabla ya hapo mzigo wa Afrika ulikuwa RAL 8000 na 7008, halafu kuanzia Machi 1942 amri ikawa 8020 na 7027. Chagua moja, usibishane na mtu. Namba ziwe nyekundu zenye ukingo mweupe, kampani ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1.

Kijana wa Ilala
Wakuu nimerudi, wiki mbili na nusu. Gia zangu ni plastiki, kwa hiyo minyororo ya chuma nimeiweka kando mpaka nipate giaboksi. Pesa imeenda kwenye eabrashi ndogo na kompresa ya mtumba. Kibanda cha kamanda ni pipa, afadhali. Nimefanya michomeleo ya epoksi, wa kwanza ulitoka kama mnyoo nikaubandua, wa pili uko poa. Mnyororo nimeulegeza kwa kusogeza gurudumu la nyuma, umelala juu ya magurudumu matatu ya kati, mbele bado unaelea kidogo. Udongo nimechota Kisarawe mahali walipochimba kisima, chini kabisa ulikuwa kijivu, nimechanganya na chaki ya njano iliyosagwa.

Jana nimekitoa barazani saa kumi na moja jua limelala, nikapiga picha kwa simu nimelala chini kabisa usawa wa mzinga. Mwanangu akauliza hii picha ya vita gani. Neti ya injini imekaa vizuri mno mzee Msasa, tatizo mama mkwe yupo hapa tangu Jumapili na kila asubuhi anauliza chujio la chai liko wapi.

Mzee Msasa
Nunua mawili kesho, moja la neti za akiba. Picha iko wapi?