Programu ya picha inajizima katikati ya kuingiza, halafu wanatwambia "sakinisheni upya". Mmetuchosha!

BintiAmu

Wadau, uzi huu ni wa hasira, asiyependa kelele apite.

Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Tangu walete toleo jipya mambo ni haya: unachomeka kamera, dirisha la kuingiza picha linafunguka, vijipicha vinaanza kujitokeza, mstari unakwenda hadi katikati, kisha programu nzima inatoweka. Hakuna ujumbe wala jina la faili. Ukiifungua tena inaanza mwanzo na kufia palepale. Palepale kila mara! Hata mtoto angeshuku kwamba kuna faili moja imeikwama kooni. Ukiwaandikia, jibu ni moja: sakinisha upya. Gigabaiti zote hizo, na bando la huku Lamu analipa nani?

Ukikataa wanakuja na la pili: "Tutumie folda yote ya picha tuichunguze." Folda yenye picha za kupamba bibi harusi, ukumbi wa wanawake peke yao, wako vichwa wazi, simu zimezuiwa mlangoni, nimtumie mtu wa ng'ambo nisiyemjua? Jamani, haya ni maombi au ni dharau?

Kunakili faili ni kazi moja, kuifungua ni kazi nyingine. Programu hii inazifanya zote mbili kwa mkupuo, ndiyo maana ikikuta picha moja mbovu wakati inatengeneza kijipicha, inakufa na nakala zote zinakwama. Faili mbovu irukwe, jina lake liandikwe, kazi iendelee. Hatudai zaidi ya hapo.

Mwenye mteja anayengoja picha leo afanye hivi.

Kwanza achana na waya wa kamera. Kamera ikiunganishwa kwa waya kwa kawaida kompyuta haiioni kama diski. Zinazungumza kwa PTP, lugha ya kamera na kompyuta kupitishiana picha, faili zinaombwa mojamoja, na kamera ikijilaza kuokoa betri mazungumzo yanakatika katikati ya faili. Tena mara nyingi programu nyingine imeshaikamata kabla yako: Windows hufungua kiingiza picha chake chenyewe, Mac hufungua Photos, Linux huwa ni gvfs, sehemu ya mfumo inayojifungulia kamera yenyewe. Programu mbili zikigombania kamera moja, lazima moja ianguke. Kama huna budi kutumia waya, funga hizo nyingine, jaza betri, na kwenye menyu ya kamera ongeza muda wa kujizima.

Dawa yenyewe ni kutoa kadi na kuitia kwenye kisoma kadi. Angalizo: kadi za zaidi ya GB 32 ni za aina ya SDXC na hutumia exFAT, mfumo wa kupanga faili. Kisoma kadi cha zamani cha SDHC, yaani cha kadi zisizozidi GB 32, huenda kisiielewe, na kompyuta itakuuliza kama ifomati. Kataa! Kadi haina neno, kilichozeeka ni kisoma kadi.

Kisha nakili bila kutumia programu ya picha kabisa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike amri hii ya kunakili (E: ni kadi, DCIM ni folda yake ya picha, D: ni diski yako; badilisha herufi zifuate zako):

robocopy E:\DCIM D:\Picha\Harusi /E /R:1 /W:1 /XF "._*" /LOG:D:\nakala.txt

Hizo /R:1 na /W:1 usiziache. Usipoziweka, robocopy ikikuta faili isiyosomeka itajaribu mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, na utakaa hapo mpaka wajukuu waoe. Ukiziweka, itajaribu tena mara moja tu, ikishindwa inaandika jina la faili kwenye nakala.txt na kusonga mbele. Hivyo ndivyo programu yenye adabu inavyofanya kazi, nayo inakuja bure ndani ya Windows. Hawa tunaowalipa kila mwezi wameshindwa nini?

Hiyo /XF "._*" ina sababu yake. Kadi ikishapita kwenye Mac, huachiwa vifaili vya kando vyenye majina kama ._DSC_0412.NEF, vya KB 4 hivi (NEF ni picha ghafi ya Nikon, CR3 ni ya Canon). Kwa jina ni picha, ndani hamna picha. Programu inaona NEF, inataka kuifungua kama picha ghafi, inakuta takataka, inaanguka. Ukiona faili ya NEF au CR3 ya KB 4 wakati wenzake ni MB 25, usitafute mchawi mwingine.

Sasa ingiza kutoka D:, si kutoka kwenye kadi. Ikifa tena palepale, gawa folda nusu kwa nusu, ingiza nusu moja. Ikipita, ubovu uko nusu ya pili, nayo igawe tena. Picha elfu moja unazimaliza kwa migawo kumi tu, na mkosaji anabaki peke yake. Kwa kawaida atakuwa faili ya KB 0, video ambayo kamera ilizimika kabla ya kuifunga, au picha ghafi ya kamera mpya ambayo toleo lako haliijui.

Lakini ikifa mahali tofauti kila mara, achana na faili, tazama mashine. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kisha Windows Logs, Application, utafute mstari mwekundu wa saa ileile. Penye "Faulting module name", yaani sehemu iliyoanguka, soma jina. Ukiona nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya kadi ya grafiki ya NVIDIA: nenda kwenye mipangilio ya programu, zima matumizi ya GPU (hiyo kadi ya grafiki), ujaribu tena. Namba 0xc0000005 pekee haikupi jibu, maana yake ni kwamba programu imegusa memori isiyo yake. Angalia pia nafasi kwenye C:, kwa sababu vijipicha na faili za muda hukaa huko hata kama picha unazipeleka D:.

Na majina ya folda, jamani. Windows ina mipaka ya herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na programu nyingi bado zinaifuata. Folda ya "Harusi ya fulani bin fulani na fulani binti fulani Shela siku ya pili jioni", ndani yake nyingine kama hiyo, ni kujitafutia.

FundiKamera_Malindi

Dada BintiAmu, umenena, ila umesahau kadi za bandia, na huku Malindi ndizo zinazotutoa machozi. Nje imeandikwa GB 128, ndani ni GB 8. Kamera inaendelea kuandika bila kulalamika, orodha inaonyesha majina na ukubwa sawasawa, lakini picha zilizopita GB 8 hazipo au zimeandikwa juu ya nyingine. Programu ikifungua inakuta matope.

Kadi mpya ipime kabla ya kazi kwa programu ya kupima kadi: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac. Ipime ikiwa tupu, kwa sababu inajazwa yote kisha inasomwa upya. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa tu, kusoma bado. Ukiwa na wasiwasi na stima, fanya kwa laptopu yenye chaji.

Halafu chumvi ya upepo wa bahari. Meno ya kadi yakiwa na ukungu, futa kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke. Msasa usiguse.

BintiAmu

Shukran kaka. Nami niongeze: kadi yenye picha za mteja ikiharibika, mtu asikimbilie chkdsk /f, amri ya Windows ya kukarabati diski. Hiyo hurekebisha orodha ya faili, haijali picha, na vipande vinavyobaki huvigeuza FILE0000.CHK. Anza na PhotoRec, programu ya kuokoa picha, ni ya bure, inasoma kadi bila kuiandikia. Mahali pa kuhifadhi chagua diski nyingine, si kadi ileile. Majina ya faili yatapotea, lakini saa ya kupigwa iko ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo zipange kwa hiyo. Na kadi usiirudishe kwenye kamera mpaka umalize.