Tupeane uzoefu: "always" na wenzake mliambiwa wakae wapi kwenye sentensi ya Kiingereza?

Uyole Juu: Wakuu, habari za baridi. Mtoto wa dada yangu yuko fomu wani hapa Mbeya, karudi na daftari lina mkasi mwekundu. Kaandika "I always wake up early", ticha kakata, kaweka juu yake "I wake up always early". Mi najua dogo yuko sahihi, ila ukimwambia mtoto kwamba ticha kakosea kesho anaenda kulisema darasani mbele ya watu. Imenikumbusha mbali. Wenzangu wa Iringa, Njombe, Tukuyu, nyie mlifundishwaje, na mlishapata kasheshe gani na haya maneno ya katikati?

Mwl wa Makambako: Dogo yuko sahihi mkuu. Always, usually, often, never, hivyo vinakaa kati ya kiwakilishi na kitenzi: "She never eats fish". Balaa linaanza ukikutana na am, is, are, was. Hapo kielezi kinarudi nyuma: "I am always late". Na kukiwa na kitenzi kisaidizi kinaingia baada yake, "They have never seen snow". Darasani nawaambia always ni konda wa hiace, anasimama mlangoni, ila akipanda am au is anampisha apite kwanza.

Kyela Mchele: Mbona kwenye muvi nasikia "Yes, I always am"?

Mwl wa Makambako: Hilo ni jibu fupi, am iko mwisho imebeba mkazo. Ukiendelea na sentensi unarudi kwenye "I am always".

Binti wa Kihesa: Hii mada imenitonesha kidonda jamani. Nilikuwa najitolea kwenye ofisi moja hapa Iringa, sitaitaja, mji wenyewe mdogo huu. Nimefagia, nimechapa barua, mwisho wa mwezi natoka usiku hakuna hata bodaboda. Nikaitwa usaili Dar, bosi akaniandikia barua ya kunisifia, kaifunga kwenye bahasha kapiga na mhuri juu, mi nikashukuru mpaka nikapiga magoti. Usaili ukaenda vizuri tu mpaka mama mmoja kwenye paneli akafungua ile bahasha. Kasoma, kavua miwani, kaifuta, kavaa tena, akaweka kalamu chini ya mstari akanigeuzia karatasi: "She hardly worked during her time with us." Akaniuliza taratibu, binti, sasa huko ulikuwa unafanya nini? Na mi nilikuwa bado natabasamu, najua nasifiwa!! Ndo akanieleza kwamba hapo imeandikwa karibu sikufanya kazi kabisa. Kile kiti nilikiona cha moto, na kazi ikaota mbawa. Narudi Iringa nampelekea bosi, kwa adabu zote, shikamoo, naomba turekebishe hapa. Akakunja uso, akasema yeye kasoma enzi ambazo Kiingereza kilikuwa Kiingereza, halafu kwa hisani yake akalihamisha lile neno akalipeleka mwisho: "She worked hardly." Akapiga mhuri tena.

Kyela Mchele: "Akapiga mhuri tena" 😂😂😂 nimemwaga chai. Pole sana dada.

Mzee wa Mufindi: Huyo bosi kama namjua. Niseme?

Binti wa Kihesa: Usiseme baba, nakuomba. Shikamoo.

Boda ya Tunduma: Dada pole, ila umetutoa kwenye mada. Hapo tatizo siyo nafasi. Kufanya kazi kwa bidii ni "She worked hard", hard hiyohiyo na inakaa mwisho. Hardly ni ukoo mwingine.

Mwl wa Makambako: Mkuu, hardly nayo ni ya katikati, inakaa palepale pa never. Ile sentensi ya kwanza ya bosi kisarufi ilikuwa safi kabisa, ndo maana paneli waliiamini.

Boda ya Tunduma: Kwa hiyo unamtetea bosi?

Mwl wa Makambako: Natetea sarufi.

Boda ya Tunduma: Ndo matatizo ya walimu, mtu kakosa ugali we unatetea sarufi.

Dereva wa Ruaha: Acheni hayo. Mi natembeza wageni Ruaha. Kuna mwenzangu mgeni alimuuliza kama mbwa mwitu watapita upande ule, jamaa alitaka kusema hana uhakika sana, akajibu "I really don't know". Mama wa watu akanuna safari nzima, jioni kambini akaandika kwenye fomu ya maoni kwamba dereva hajui mbuga. Angesema "I don't really know" yasingemkuta, hiyo ni sijui vizuri. Ile aliyoisema ni sijui kabisa, na ukiitoa kwa sauti kavu mtu anaweza kusikia "usinisumbue". Maneno manne yaleyale, really imeruka don't tu!

Ndizi za Rungwe: Duh, hiyo sijawahi kufundishwa.

Ndizi za Rungwe: Ila mi naona tunaponzwa na Kiswahili chetu. Tunasema "mimi pia napenda", ukiihamisha ilivyo unapata "I also like", unapeta. Sasa ukijiamini ukahamisha na "mimi jana nilienda Tukuyu", unapata "I yesterday went to Tukuyu", mzungu anakuangalia tu. Jana, kesho, wiki ijayo, hizo peleka mwisho au mwanzo kabisa.

Kyela Mchele: Ushauri wangu weka vyote mwanzo wa sentensi, nani atakukamata.

Mwl wa Makambako: "Never I eat fish"? Utakamatwa saa hiyohiyo. Zinazokubali kutangulia ni kama sometimes na usually.

Mzee wa Mufindi: Sikilizeni redio ya Kiingereza kila siku, sheria mtazisahau na mtaongea. Sisi ndo tulivyojua.

Uyole Juu: Na still je? Dogo anauliza.

Mwl wa Makambako: Still inatangulia don't: "I still don't understand". Always inafuata: "I don't always understand". Asizichanganye.

Boda ya Tunduma: Haya ticha, tumalizie na only. Hapa mpakani Mzambia mmoja alimwambia kuli wetu "I only paid for the rice", yaani kalipia mchele tu, mafuta bado. Kuli kasikia "Only I paid", kwamba kalipa peke yake wenzie hawajatoa kitu, akaenda kuwadai wenzie. Walikaribia kukunjana mashati.

Mwl wa Makambako: Only fungua uzi wake mkuu, hiyo inazurura sentensi nzima na kila inapotua maana inageuka.

Boda ya Tunduma: Naufungua jioni. Usikimbie.